Grupu langu la vyombo vya tanga lina memba 140 na naongea peke yangu, nifanyeje?

Swali limetoka kwa kijana wa Matondoni, Lamu, nimelifupisha kidogo. Babake ni fundi wa vyombo, yeye mwenyewe ana kibanda cha kutengeneza simu Amu mjini, na mwaka jana alifungua grupu la Telegram la watu wanaopenda vyombo vya tanga, yaani mashua, jahazi, dau, kuunda, kukarabati, mashindano, kila kitu. Sasa hivi ana memba 140. Ana pia akaunti Mastodon na nyingine Bluesky (mitandao ya posti fupi) za mambo hayo hayo. Anasema: "Naongea peke yangu. Juzi mtu wa Faza aliuliza mashua yake inavuja chini karibu na mkuku (mti mkuu wa chini ya chombo) afanye nini, siku nne hakuna aliyemjibu, akatoka. Marafiki wananiambia nihamie TikTok, na kuna jamaa anauza memba elfu moja kwa bei nafuu. Je nihame? Watu nitawafanya vipi waongee? Na huko Mastodon niandike Kiswahili au Kiingereza?"

Wa alaykum salaam kaka yangu. Nikujibu ya haraka kwanza: usihame, na huyo jamaa wa memba elfu moja usimpe hata shilingi. Hao memba wanaouzwa ni akaunti hewa, hazisomi wala hazijibu, na Telegram ikizigundua inazifuta, alafu zile zinazobaki ndizo zinazoanza kuwatumia memba wako wa kweli meseji za inboksi za pesa za kripto na kazi za uongo. Fundi wa Kizingitini akipata meseji kama hizo tatu kwa wiki atajua zimetoka kwenye grupu lako na atatoka bila kukuaga.

Sasa turudi kwa yule mtu wa Faza, maana kwenye barua yako yote, hapo ndipo penye jibu, na wewe umepapita haraka kama kwamba ni kisa kidogo tu. Mtu mwenye chombo kinavuja ana shida ya leo, chombo ndio riziki yake, na katika intaneti nzima akachagua kuja kuuliza kwako. Siku nne kimya. Na sio yeye peke yake aliyeona, wale wengine 139 pia waliona, na kila mmoja akajifunza kwamba hapa ukiuliza hujibiwi, kwa hivyo na yeye hatauliza. Fikiria mtu amepita barazani akatoa salamu hakuna aliyeitikia, kesho atapita njia nyingine, na waliokuwa wameketi pale nao watajua baraza hilo ni la namna gani. Grupu dogo halifi kwa kukosa memba, linakufa kwa swali lisilojibiwa. Ukitaka kazi moja tu ya kufanya miezi mitatu ijayo ni hii: kila swali linaloingia lipate jibu siku hiyo hiyo, hata kama jibu lenyewe ni "ngoja namuuliza fundi, nakuletea kabla ya Magharibi".

Najua utasema mimi sio fundi, nitajibu nini. Hujaambiwa ujibu wewe, kazi yako ni kulitafuta jibu liliko, na wewe una bahati ambayo wengi hawana, jibu liko nyumbani kwenu. Nikuonyeshe ningefanyaje na lile swali la Faza hatua kwa hatua. Kwanza ningemjibu pale pale grupuni, sio inboksi, nimuulize maswali matatu: chombo kilikaa pwani muda gani kabla ya kurudi majini, maji yanaingia mfululizo au yanapungua kadiri siku zinavyoenda, na mara ya mwisho kilikalafatiwa lini, yaani kuzibwa nafasi za mbao kwa pamba na mafuta. Hayo maswali yenyewe tayari ni msaada, manake mashua ikikaa juu jua likaipiga mbao hukauka zikaachana, ukiishusha itaingiza maji siku za mwanzo mpaka mbao zivimbe zijifunge, na mtu mgeni wa kazi anaweza kuogopa bure akaanza kung'oa pamba nzuri. Lakini kama iko majini wiki mbili na bado maji ni yale yale, hapo sasa shida inaweza kuwa kalafati ya ubao wa kwanza juu ya mkuku, au msumari umeliwa na kutu, na huyo anahitaji kusubiri bamvua (siku maji yanapojaa na kukupwa sana) aipandishe, maji yakikupwa aingie chini aangalie kwa macho. Baada ya hapo ningechukua simu niende kwa mzee anakofanya kazi, nimwambie baba kuna mtu Faza anauliza hivi na hivi, nirekodi voisi ya dakika moja, ningemuomba ruhusa niiweke, na ningeiweka na chini yake maneno yaliyoandikwa mistari miwili mitatu, "Fundi wa Matondoni anasema hivi", alafu hashtegi #kalafati #kuvuja.

Hiyo mistari miwili ya kuandika usiidharau hata kidogo. Mafundi wetu wakubwa hawaandiki, wanaongea, na voisi ndio njia yao, sawa kabisa, lakini ukitafuta neno ndani ya grupu la Telegram inatafuta kilichoandikwa, haisikilizi sauti. Voisi mia za elimu ya miaka arobaini zikikaa bila maandishi ni kama hazipo, mtu wa mwakani hawezi kuzipata. Ukiandika, mtu mwingine wa Vanga au Pemba akiuliza jambo lile lile utampa linki ya jibu kwa sekunde moja, na polepole grupu linakuwa na kitu ambacho TikTok haina, yaani kumbukumbu ya ufundi unayoweza kuirudia. Hapa ndipo Telegram imeizidi WhatsApp kwa kazi yako: grupu likiwa la wazi memba mpya akiingia leo anaweza kupanda juu asome ya mwaka jana yote, na namba yake ya simu anaweza kuificha watu wamuone kwa jina la akaunti tu. Hilo la namba ni kubwa kuliko unavyofikiria, kuna dada zetu wanaojua mambo ya tanga na biashara ya samaki kuliko wanaume wengi lakini hawataki namba yao ionwe na watu 140 wasiowajua, na wana haki. Ingia kwenye seti za grupu, hakikisha historia inaonekana kwa wapya, na kwenye kanuni zako waeleze watu namna ya kuficha namba.

Kuhusu ukimya. Kuna mtafiti anaitwa Jakob Nielsen, 2006 aliandika kwamba kwenye jumuiya nyingi za mtandaoni asilimia 90 ya watu wanasoma tu, 9 wanachangia mara moja moja na 1 ndiye anayechangia sana. Sio sheria ya mbinguni, makundi madogo ya watu wanaojuana huwa yanaongea zaidi ya hapo, lakini piga hesabu kwa 140: mmoja au wawili wa kila siku, kumi na mbili hivi wa mara moja moja, wengine wote wasomaji. Kwa hivyo usilaumu wasomaji, na tafadhali acha kuandika zile meseji za "mbona mmenyamaza jamani", zinawatia watu aibu na mwenye aibu haongei. Lengo lako lisiwe memba 1,000, lengo liwe watu ishirini tofauti waliosema kitu wiki hii. Ukifika ishirini grupu litajiendesha hata siku ukiugua.

Na hao ishirini hawaji kwa tangazo, wanaitwa mmoja mmoja. Kaa chini uandike majina, unawajua: mafundi wa Matondoni, manahodha wa mashindano wa Shela na Amu, wavuvi wa Kizingitini na Ndau, watu wa Vanga na Shimoni kule kusini, Nungwi kule Unguja ambako mpaka leo wanaunda vyombo ufukweni, Tanga, Kilwa. Kila mmoja mtumie ujumbe wake peke yake unaosema kwa nini ni yeye. "Nahodha, niliona tanga lako kwenye mashindano ya Maulidi, kuna kijana grupuni anauliza namna ya kukata tanga jipya, unaweza kumwambia maneno mawili?" Mtu akiitwa kwa sababu ya anachokijua atakuja, na akija amekuja tayari na la kusema. Ile linki ya kutupwa kwenye magrupu ishirini ya WhatsApp na maneno "jiunge nasi" inaleta watu wa kuangalia tu, tena wengi wanatoka kesho yake.

Maswali unayoyaweka wewe pia yabadilike. Nimepitia posti ulizonitumia, nyingi ni picha nzuri ya jahazi jioni na maneno "mnaonaje?". Mtu atajibu nini hapo zaidi ya kidole gumba? Uliza kitu kidogo ambacho mtu wa kazi anakijua bila kufikiri na anaweza hata kukibishania. Foromali (mti wa kubebea tanga) ya mashua ya mashindano mnaikata urefu gani ukilinganisha na chombo chenyewe? Pamba mnalowesha mafuta gani siku hizi maana sifa, yale mafuta ya papa, imekuwa shida kupatikana? Mti wa mataruma (mbavu za chombo) mnaupata wapi, na mnalipa ngapi? Piga picha ya karibu ya kiungo kimoja tu cha mbao, hata kama hakipendezi, uliza nani ameshawahi kuona ukarabati wa namna hii. Picha mbaya yenye swali zuri inazaa maneno hamsini, picha nzuri isiyo na swali inazaa laiki sita.

Alafu lipe grupu ratiba, lakini sio ratiba ya ofisini. Wewe una ratiba ambayo bahari imeshakupangia. Bamvua inakuja kila baada ya wiki mbili hivi, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na ndio siku vyombo vinapandishwa pwani watu wanasafisha chini na kukalafati, kwa hivyo kila bamvua iwe siku ya picha za chini ya chombo, kila mtu alete yake, watu waangalie wakosoe washauriane. Wakati huo wako pwani, simu iko mfukoni, kazi iko mbele yao. Maji mafu, yale yasiyojaa wala kukupwa sana, yakifika leta hadithi za safari na maswali ya wanaojifunza. Na mwaka pia una zamu zake, kusi likivuma vyombo vingi viko juu, huo ni msimu wa kuunda na kukarabati, kaskazi ikiingia ni msimu wa safari na mashindano. Mtu akishazoea kwamba bamvua ya Ijumaa kuna kitu grupuni atafungua mwenyewe bila kukumbushwa, na hilo ndilo jambo gumu kuliko yote kwenye mitandao midogo, kumfanya mtu akumbuke kufungua. Siku za mashindano hakikisha grupu lako ndilo la kwanza kutoa matokeo, nani wa kwanza nani wa pili nani foromali imemvunjikia njiani, andika tu maneno kwanza, vidio baadaye, watu wengi bando ni ndogo na maneno yanafika hata kwa mtu aliyeko Kiwayu mtandao ukisuasua.

Biashara iruhusu, kwa maoni yangu. Kuna maadmini wanaikataza kabisa, nafikiri wanakosea kwa grupu la watu wa kazi. Mtu anayeuza misumari au tanga la mtumba ni sababu halali ya mtu mwingine kufungua grupu. Lakini usiiache itapakae kila mahali. Telegram ina uwezo wa kugawanya grupu kwa mada, fungua chache tu: ukarabati, mashindano, soko, na ya mazungumzo. Nne zinatosha, ukifungua kumi na mbili kila moja itakuwa tupu na mgeni akichungulia atadhani pamehamwa. Na uwazuie memba wapya kutuma linki siku za mwanzo, kuna roboti za bure za kufanya hiyo kazi.

Sasa kuhusu hao marafiki wa TikTok, hawajakosea kila kitu, wewe weka vidio huko kama unapenda na uelekeze watu grupuni. Ila uelewe tofauti. TikTok na Facebook kuna algorithimu inayochagua nani aone nini, leo inakupa watu elfu arobaini kesho inakupa mia mbili na hakuna atakayekueleza kwa nini, na hao elfu arobaini hawajuani wala hawatajuana. Telegram ukiandika meseji imewekwa mbele ya memba wote kwa mpangilio wa saa, Mastodon vivyo hivyo, unaowafuata unawaona kwa mpangilio walioandika. Hiyo ndiyo nguvu ya mahali padogo na ndio ugumu wake pia: hakuna mashine itakayokuletea watu, watu wanaletwa na watu. Na watu wengi kwa mpigo sio heri kila wakati. Zamani kulikuwa na mtandao wa Usenet, kila Septemba wanafunzi wapya wa vyuo walikuwa wanaingia na fujo zao, wenyeji wanawafundisha adabu za pale mpaka wanatulia. Kuanzia 1993 makampuni ya intaneti yakaanza kufungulia wateja wao, wakaja wengi mno bila kukoma na wenyeji hawakuweza tena kumfundisha yeyote, mpaka leo watu wa kompyuta wanaiita Septemba isiyoisha. Kwa hivyo ukipata vidio iliyovuma, kaa tayari siku hiyo, karibisha kila anayeingia kwa jina lake na umuulize anatoka wapi na anatumia chombo gani. Akijibu swali hilo moja ameshaongea mara ya kwanza, na mara ya pili ni rahisi.

Usilibebe peke yako. Tafuta maadmini wawili, na wasiwe wote wa Matondoni, mmoja awe wa mbali, Vanga au Unguja, la sivyo grupu litaonekana la kijiji kimoja na utani wa mashindano utageuka ugomvi. Mmoja kati yao awe fundi hata kama haandiki, neno lake likitoka litasikika.

Nisiliache la siasa kwa sababu mwaka 2027 tuna uchaguzi na grupu lolote la Kenya litaguswa. Kulikuwa na jukwaa la Wakenya linaitwa Mashada, kubwa sana wakati wake, na Januari 2008 mwenyewe David Kobia alilifunga kwa sababu matusi ya kikabila yalizidi nguvu za wasimamizi. Fikiria hilo, miaka ya kazi ikafungwa kwa wiki chache. Weka kanuni sasa wakati kuna utulivu, sio siku moto umewaka: kampeni hapana, matusi ya kabila au ukoo hapana, anayevunja anaonywa mara moja kisha anatolewa, bila kujali ni nani. Lakini usichanganye siasa na mambo yenu ya haki. Bandari ya Lamu ilipojengwa wavuvi walienda mahakamani, na 2018 Mahakama Kuu ikaamua wavuvi kama 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Mtu akitaka kuzungumzia fidia au sehemu za kuvulia zilizopotea, hilo ni lao kabisa, wana haki ya kulisema kwenye grupu la vyombo, mwambie tu aseme jambo asitukane mtu. Admini anayekataza kila kitu kizito kwa jina la amani anabaki na grupu la salamu za asubuhi.

Jambo jingine ambalo wengi hawaliwazii mpaka liwafike: hiyo nyumba sio yako. Novemba 2023, na tena Novemba 2024, wakati wa KCSE, mtihani wa kidato cha nne, Telegram ilikatwa Kenya kwa sababu ya wizi wa mitihani, na magrupu yasiyo na njia ya pili yalinyamaza mpaka ilipofunguliwa, isipokuwa wenye VPN (programu ya kupita kizuizi). Yahoo Groups ilikuwa na magrupu mengi mno ya watu wenye mapenzi ya kitu kimoja kama nyinyi, kumbukumbu za miaka karibu ishirini zikafutwa kwanza, zikapotea kwa wasiowahi kuzihifadhi, kisha Desemba 2020 ikafungwa kabisa. Google+ nayo ilifungwa kwa watumiaji wa kawaida Aprili 2019. Kwa hivyo fanya mambo mawili. La kwanza, tumia Telegram ya kompyuta, ina sehemu ya kutoa historia yote ya grupu pamoja na picha, fanya hivyo kila baada ya miezi michache, weka kwenye diski mbili, moja kwako moja kwa mtu mwingine. Ukipata nafasi ongea pia na watu wa makumbusho hapo Lamu kama wangependa nakala ya maelezo ya mafundi, kwa ruhusa ya mafundi wenyewe. La pili, weka grupu dogo la WhatsApp la matangazo tu, wewe unaandika wengine wanasoma, ili Telegram ikikatwa tena uwaambie watu mnakutana wapi. Hilo la WhatsApp aingie anayetaka tu, usichukue namba za watu ukawaingiza kwa nguvu, tuna sheria ya kulinda data tangu 2019 na hata bila sheria sio adabu.

Nimalizie na Mastodon na Bluesky, maana hapo umeuliza lugha. Huko usitegemee kupata mafundi wa Pate, huko utapata watu wa mbali ambao wana kitu cha kuongezea: watu wa Sur kule Oman na Beypore kule Kerala ambako bado wanaunda majahazi ya mbao, waakiolojia wa baharini, mabaharia wa Ulaya wanaopenda tanga la pembetatu, wanaounda vyombo vidogo vya maonyesho, na Waswahili wenzetu walioko ughaibuni. Ile jahazi ya plastiki ya Flipflopi iliyoundwa Lamu ikazinduliwa 2018, mwaka uliofuata ikasafiri mpaka Zanzibar, iliwafanya watu wa nchi nyingi wajue kwamba kazi hii bado iko hai hapa, na hao bado wanatafuta wa kuwasimulia zaidi, na wewe ndiye uliye pale mbao zinapochongwa.

Kwenye Mastodon hashtegi ndio kila kitu. Mastodon sio sehemu moja, ni seva nyingi zilizounganishwa, na posti yako kwa kawaida inafika kwenye seva ambazo kuna angalau mtu mmoja anayekufuata, kwa hivyo mwanzoni inafika sehemu chache sana, na watu hufuata hashtegi kama wanavyofuata mtu. Weka #jahazi #mashua #Lamu, na #dhow kwa ajili ya wa mbali, mbili tatu zinatosha. Picha zako ziandikie maelezo kwa wasioona, watu wa Mastodon wanalijali hilo sana na wengi hawasambazi picha isiyo na maelezo. Usiwe unatupa posti na kuondoka, tumia muda mwingi zaidi kujibu posti za wengine kuliko kuweka zako, mtu wa Beypore akiweka picha ya ubao muulize mnatumia msumari au kamba, hivyo ndivyo watu wanavyokufuata huko. Bluesky nayo ina kitu kizuri, mtu yeyote anaweza kutengeneza pakiti ya kuanzia, orodha ya akaunti mpaka 150 ambazo mgeni anazifuata kwa kubonyeza mara moja. Tengeneza ya watu wa vyombo vya mbao vya Bahari ya Hindi. Utakapowaweka hao watu kwenye orodha wengi watakuja kuangalia ni nani aliyewaweka, na hapo mazungumzo yanaanza.

Lugha: andika Kiswahili. Andika kama unavyoongea na babako pwani, na kama jambo linawahusu sana watu wa mbali ongeza sentensi moja ya Kiingereza chini. Ila kuna kitufe kidogo wengi wanakisahau, wakati wa kuandika posti unachagua lugha ya posti, Mastodon na Bluesky zote mbili ziko hivyo. Ukiacha imeandikwa Kiingereza wakati umeandika Kiswahili, mtu aliyechagua kuona posti za Kiswahili tu hatakuona, na kitufe cha kutafsiri hakitafanya kazi vizuri kwa yule wa Oman. Badilisha leo, na Mastodon unaweza kuiweka mara moja tu kwenye seti za akaunti.

Na linki ya grupu nitumie, kuna mafundi wa Ngomeni huku kwetu nataka kuwaambia. Mmoja ana swali la mataruma tangu kusi lililopita, kwa hivyo mwambie mzee akae karibu na simu.